Sanduku la Chukwani

Shemeji yangu Nadir ni mtu mwaminifu, na sijapata kuona mtu mwaminifu anayechosha kama yeye. Nasema hivi nikiwa na haki ya kusema. Aliishi na dada yangu Mashavu miaka thelathini na nne, na katika miaka yote hiyo sikumshika na uongo hata mmoja. Ningemshika na mmoja tu, tena mdogo, leo ningemsamehe mengi.

Anatoka katika ukoo wa Kiarabu wa Mji Mkongwe, miongoni mwa zile koo ambazo zamani zilikuwa na nyumba za ghorofa na mashamba ya minazi, na siku hizi zimebaki na majina na pua. Nadir hakurithi kitu isipokuwa adabu. Alijifunza kutengeneza redio, kisha televisheni, kisha kompyuta, na kwa miaka mingi alikuwa na kibanda katika kichochoro nyuma ya Darajani, kimejaa matumbo ya mashine mpaka hapana pa kuweka mguu. Wapo mafundi ukiwapa kompyuta yako hukaa kwanza wakapekua picha zako kabla hawajagusa bisibisi. Nadir alikuwa akimwita mwenye kompyuta, anampa kiti, anamwambia akae hapo hapo aone kila anachofanya. Watu walimsifu sana kwa hilo. Mimi nilikuwa nikisema huyu atakufa maskini, na mpaka leo sijakosea.

Hata nyumbani kwake Kikwajuni alikuwa akipiga hodi. Nyumba yake mwenyewe, funguo anazo mfukoni! Atakohoa barazani, ataita hodi mara tatu, atasubiri ndani waitikie, ndipo aingie ameinamisha macho kama mgeni aliyekuja kuposa. Alifanya hivyo kwa sababu sebule ile ilikuwa ya wateja wa mkewe.

Dada yangu alikuwa mpiga picha wa harusi, upande wa wanawake. Anayezijua harusi za kwetu anaelewa uzito wa maneno hayo. Siku ya kupamba, bibi harusi anakaa juu kwenye kiti chake, nywele wazi, mabega wazi, hina imemfika kwenye viwiko, na wanawake waliomzunguka wamevua mabuibui yao, kila mmoja amekuwa mtu mwengine kabisa ambaye hata mumewe hamjui. Mwanamume haingii. Simu zinaachwa mlangoni. Kamera inayoruhusiwa ni moja, na kwa miaka ishirini na mitatu, kwa nyumba nyingi za mji huu, kamera hiyo ilikuwa ya Mashavu. Utaratibu wake haukubadilika. Bibi harusi anapewa nakala moja katika fleshi, mkononi mwake, si kwa kupitia mtu. Mkanda wenyewe wa video unabaki kwenye kompyuta ya Mashavu, umefungwa. Mwanamke akija baadaye akasema nifute, iwe kaachwa, iwe kaingiwa na hofu ya Mungu, Mashavu anamfuta pale pale mbele ya macho yake bila ya kumuuliza kwa nini. Haijawahi kusikika kwamba picha yake hata moja ilionekana kwenye simu ya mwanamume barazani.

Sasa, fundi wa mashine zake alikuwa ni huyo huyo mumewe. Siku moja kompyuta ya Mashavu iligoma, na mimi nilikuwepo. Nadir alichukua kanga akaifunika skrini, akakaa upande wa nyuma ya mashine na bisibisi yake, na Mashavu akaingiza kichwa chini ya kanga ili amsomee.

"Imeandika nini?"

"Imeandika Kizungu."

"Nisomee herufi moja moja."

Walianza baada ya chai ya asubuhi, wakamaliza alasiri. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Wao hawakucheka hata kidogo. Walikuwa wakifanya kazi.

Mikanda ilipozidi, Nadir alinunua sanduku la kuhifadhia, jeusi, ukubwa wa mkate wa boflo, lenye diski mbili ndani, akaliunga kwa waya kwenye ruta ya nyumbani. Humo akamtengenezea mkewe folda inayofungwa kwa neno la siri, na neno hilo akamtaka alichague mwenyewe. Mashavu alipokuwa akiliandika, Nadir aligeukia ukutani.

"Usinambie," alisema. "Wala usiliandike mahala popote."

"Na nikilisahau?"

"Weye umewahi kusahau kitu?"

Hapo alikuwa na haki. Dada yangu alikuwa akikumbuka nani alivaa nini kwenye harusi ya nani mwaka gani. Kwa hivyo neno likakaa kichwani mwake peke yake, na wote wawili wakaridhika.

Halafu ikaja masika mbaya ya mwaka 2018. Jirani wa juu bomba lake liliziba, maji yakapita kwenye dari, yakashuka moja kwa moja juu ya lile sanduku. Nadir alilifungua, akalikausha kwa feni siku tatu, na siku tatu hizo hakula chakula cha maana. Lilipowaka tena, alikwenda akanunua la pili lililo sawa na la kwanza, akaniletea mimi Chukwani. Alisema moto au maji hayawezi kupiga Kikwajuni na Chukwani siku moja.

"Shemeji, nimekuletea mgeni," aliniambia mlangoni. "Hali, hanywi, anataka umeme tu."

"Na mie ntafaidika nini naye?"

"Thawabu."

Mahali palipofaa ni juu ya kabati langu la nguo, chumbani, karibu na ruta. Nadir hakukubali kuingia chumbani kwa mke wa mtu, ingawa mume wangu alikuwa marehemu miaka sita. Alisimama ukumbini akinielekeza kwa sauti, na mimi, mwanamke mzima na magoti yangu mabovu, nikapanda juu ya kiti nikachomeka waya. Kisha akanieleza. Kila kitakachoingia katika sanduku la kwao kitakuja na hapa, kwa njia ya intaneti. Kule kimefungwa, na hapa kitafika kimefungwa vilevile.

"Mie siwezi kukiona na wewe huwezi kukiona," alisema. "Anayeweza ni Mashavu tu."

"Sasa bekapu gani hii isiyoonekana?"

"Ndiyo ya watu wenye heshima zao."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akinipigia simu. "Shemeji, taa rangi gani?" Nami nasema kijani. "Alhamdulillahi," anakata. Ijumaa moja nilitaka kumtania, nikamwambia nyekundu. Haikupita saa moja alikuwa mlangoni kwangu, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Sikurudia.

Nilikuwa na mtoto mmoja tu, Nadhira. Alipoolewa, mwisho wa mwaka 2019, alipigwa picha na mama yake mkubwa, na wote waliokuwepo walisema Mashavu hajapata kufanya kazi nzuri kama ile. Mkanda wenyewe mimi sikuutazama. Bibi harusi aliondoka na fleshi yake kwenda kwa mumewe, na mimi nikasema iko siku.

Baada ya mwaka na nusu Nadhira alifariki katika kujifungua, yeye na mtoto wake siku moja. Sitaki kulielezea hilo. Wanaojua wanajua, na asiyejua Mungu amuepushe.

Ninalotaka kulieleza ni la siku ya tatu ya msiba. Nyumba ilijaa wanawake, khitma imesomwa, na mmoja wao, mwema tu, hakuwa na nia mbaya, akasema, "Mfutieni marehemu picha zake. Kila jicho litakaloziona nywele zake ni mzigo kwake huko alikokwenda." Wengine wakaitikia. Kama hilo limo katika dini au halimo, waulizwe waliosoma. Mimi nilikuwa mama niliyeambiwa kwamba mwanangu amebebeshwa mzigo kaburini, na mama wa namna hiyo haombi fatwa. Nilichukua simu yangu, nikafuta picha moja moja, nao wakinitazama. Nikaagizia fleshi kwa mkwe wangu, akaileta, nikaiweka kwenye sakafu ya ukumbi nikaivunja kwa mchi wa kinu. Wanawake wakasema mashallah, huyo ndiye mama. Nikalia, na wao wakadhani nalia kwa imani.

Ukweli ni kwamba nilivunja kwa moyo mwepesi. Nyuma ya ukuta ule ule walioegemea, juu ya kabati langu, taa ya kijani ilikuwa ikiwaka. Nilijua ninachokifanya. Nilijipatia sifa ya kumtoa mwanangu, na huku nimemficha chumbani. Kama kuna dhambi katika habari hii yote, basi ni hiyo yangu, na nimeilipia.

Siku ya arubaini nilimvuta Mashavu jikoni nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Yumo?"

"Yumo," alisema. "Siku ukiwa tayari njoo, ntakufungulia. Mie na wewe tu."

Sikuwa tayari mwaka ule, wala uliofuata, wala wa tatu, wala wa nne. Kila nikifungua kabati kutoa nguo, nilisikia sanduku linavuma kwa juu taratibu, nikamsalimia mwanangu. Asiniulize mtu kama nilikuwa na akili timamu. Nadir naye hakuacha kunipigia kila Ijumaa, nami nikisema kijani nilikuwa nasema jambo jengine kabisa ambalo yeye hakulijua.

Mwaka jana, baada ya Ramadhani, niliamka siku moja nikajikuta naweza. Sijui kwa nini siku ile. Nikampigia Mashavu, tukaahidiana Jumamosi nitakwenda Kikwajuni, na Nadir tutamtoa nyumbani aende zake msikitini mpaka tumalize. Alhamisi ya wiki ile ile Mashavu alianguka chooni. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia wote, pamoja na ulimi.

Nilimlilia dada yangu. Nataka hilo lijulikane kwanza. Lakini nilikuwa bado nimesimama kwenye ukumbi wa hospitali, sijaambiwa hata kama ataishi, nikalifikiria lile neno la siri, na nikajionea haya nikiwa peke yangu.

Nilivumilia wiki tatu, mpaka alipotolewa akarudi nyumbani. Kisha nikamkabili Nadir barazani kwake.

"Nifungulie sanduku, shemeji. N'nataka mkanda wa Nadhira."

"Sina neno lake."

"Usinifanyie mzaha."

"Wallahi silijui, shemeji."

Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nilimuuliza mwanamume gani anaishi na mke miaka thelathini na nne, anaitengeneza mashine kwa mkono wake, anaifanyia nakala mbili katika nyumba mbili, halafu hajui inavyofunguliwa! Ananiuliza kila Ijumaa rangi ya taa! Miaka saba ya kijani!

"Nilikataa kulijua," alisema.

Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayesema ametoa zaka. Birika la kahawa lilikuwa karibu yangu, na Mungu alinisitiri nisilinyanyue.

Hata hivyo alinisaidia. Aliunga kompyuta kando ya kitanda cha Mashavu, akaondoka, akakaa ukumbini mlango umerudishwa, ili ikifunguka yeye asiwepo. Mimi niliweka kibodi mapajani mwa dada yangu, naye akapeleka kidole cha mkono wa kushoto kwenye herufi. Akabonyeza moja, akafikiri, akabonyeza nyengine. Mashine ikakataa. Ikishakataa mara tano, inajifunga yenyewe kwa saa nzima, na sisi tunakaa tunasubiri, mimi nikimfuta mate na kumpa uji kwa kijiko. Tulifanya hivyo siku tisa. Mimi mwenyewe nilijaribu jina la mama yetu, majina ya wanawe wawili walioko Maskati, miaka waliyozaliwa, mtaa tuliokulia, majina ya sura. Nilijaribu na jina la Nadir. Kila nikikosea nilikuwa namtazama Mashavu usoni nione kama nimekaribia, na uso wake ulikuwa nusu umelala na nusu unanitazama.

Siku ya tisa nilimshika mkono. "Dada, sitaki kuona kitu chengine. N'nataka kumwona Nadhira tu. Mara moja."

Alinitazama muda mrefu. Machozi yakamtoka katika jicho lile zima. Halafu, kwa mkono wake mzima, akakisukuma kibodi, kikaanguka sakafuni, vitufe viwili vikaruka.

"Basi, shemeji," Nadir alisema kutoka ukumbini. "Muache apumzike. Basi."

Mpaka leo sijui. Nikiwa mtulivu nasema alisahau, na akaona aibu, yeye asiyesahau kitu. Nikiwa na hasira nasema alikumbuka vizuri sana, na hakutaka kuniachia neno linalofungua milango ya watu mia nne waliomo humo kwa ajili ya mtu mmoja, sasa kwa kuwa hakuweza tena kusimama mwenyewe mlangoni. Siku nyingi nina hasira. Mashavu alifariki siku chache kabla ya Idi Kubwa, hajatamka herufi.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Muzdalifa, mwalimu wa madrasa, aliyeolewa miaka kumi na tano iliyopita na ambaye siku hizi hata macho yake huyaoni vizuri kwa nikabu. Mimi nilikuwepo, napanga nguo za marehemu. Hakukaa. Alisimama karibu na mlango, akatoa rambirambi, kisha akasema alilolijia.

"Bwana Nadir, marehemu alikuwa na amana yangu. Nataka nifutwe."

"Siwezi kukufuta peke yako, Bi Muzdalifa. Siwezi kufungua nikakuona uko wapi."

"Basi futa yote."

Alisema kama mtu anayeagiza maji yamwagwe. Baada yake wakaja wengine, na wasiokuja walipiga simu au walituma mama zao. Mpaka arubaini ya Mashavu inafika, walikuwa wameshapita thelathini. Hakuna hata mmoja aliyemtukana Nadir, na hakuna aliyemshuku. Walimwambia tu kwamba walimwamini Mashavu, na Mashavu hayupo.

Alikuja kwangu Jumanne moja, baada ya adhuhuri, na kompyuta yake ndogo kwapani. Nilimjua anachokitaka kabla hajavua viatu.

"La kwetu nshalifuta," alisema. "Jana."

Alikuwa ameikata kwanza njia iliyopo kati ya masanduku mawili, ili kufuta kwa kule kusije kukafuta na huku bila ya mimi kujua. Hata hilo alilifikiria.

"Hili limefungwa," nilimwambia. "Hakuna wa kulifungua, wewe mwenyewe umeapa. Liache juu ya kabati langu mpaka nife."

"Na ukifa?"

"Nikifa sina shughuli nalo."

"Mie nina sitini na sita, shemeji. Wewe una hamsini na nane. Tukishaondoka atakuja mtu, atakuta sanduku zuri, atalipeleka kwa fundi. Leo halifunguki. Miaka kumi ijayo mashine zitakuwa nyengine, litafunguka kama kopo la maziwa. Na fundi huyo mie simjui."

"Nadir, mwanangu yumo humo."

"Najua."

"Wapo mia nne, sawa. Kwangu mimi yumo mmoja."

"Najua, shemeji. Ndo maana nimekuja. Ningeweza kulifuta nimekaa kwangu Kikwajuni, usingejua chochote, na taa ingebaki kijani. Lakini liko nyumbani kwako. Ukisema hapana, n'naondoka, na sitalitaja tena maisha yangu."

Mikono ameiweka magotini, anasubiri, na nilijua kwamba atafanya kama alivyosema. Nikisema hapana, atavaa viatu vyake aende, awaambie wanawake wote wale kwamba ameshindwa, na ile aibu aibebe yeye bila ya kunitaja. Huo ndio ubaya wa watu waaminifu. Hawakuibii kitu. Wanakuomba ukitoe mwenyewe.

Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani. Nikalitazama sanduku. Nilitaka kumfikiria mwanangu, na badala yake nikamfikiria huyo fundi wa miaka kumi ijayo, nisiyemjua jina, amekaa kwenye kibanda chake, na Nadhira anamtokea kwenye skrini nywele wazi, na yeye anawaita wenzake. Nikapanda kiti. Nikachomoa waya, nikaliteremsha, nikalipeleka sebuleni nikamwekea juu ya meza.

"Lifute," nilisema. "Na Mungu akulipe unavyostahili." Yeye aliitikia amin. Mimi sikuwa nimemuombea dua.

Aliunga waya wake, akabonyeza hapa na pale. Alinieleza kwamba hafuti tu majina ya mikanda, maana kufuta namna hiyo mtu anaweza kufufua. Anaijaza diski yote upya, sifuri tupu, mwanzo mpaka mwisho, na itachukua mpaka karibu na magharibi. Kwenye kompyuta palitokea mstari mwembamba na namba pembeni. Asilimia moja. Kisha akanyanyuka, akasema atasubiri nje barazani asinisumbue.

"Kaa hapo hapo," nilimwambia.

"Shemeji..."

"Kaa! Hukutaka kujua kilichomo humo, miaka yote hii. Leo utajua. Ntakwambia unachokifuta, kimoja kimoja, na utanisikiliza mpaka mashine yako imalize."

Akakaa. "Naam, shemeji," alisema, akainamisha kichwa.

Nilitaka kumuumiza. Sikuwa na kitu chengine cha kumpigia ila hicho, nikamkusudia nacho kwa moyo wangu wote. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Nikasema mwanangu aliingia ukumbini amevaa nguo ya kijani. Nikasita. Ile ya kijani ilikuwa ya siku ya nikaha, nyumbani. Siku ya kupamba alibadilisha nguo mara tatu, ndivyo nilivyoambiwa, na ya mwanzo ilikuwa nyeupe, au ya dhahabu. Nikaiacha nguo, nikashika nywele. Zilisukwa au zilifungwa juu? Nikashika ngoma iliyopigwa alipoinuka kucheza. Niliisikia, hakika niliisikia, lakini niliisikia kupitia ukuta.

"Alicheka," nilisema.

"Alicheka wakati gani?" Nadir aliuliza. Hakunikejeli. Aliuliza ili niendelee.

Sikujua. Siku ile nilikuwa nyuma ya ukumbi kwenye masinia ya biriani, nagombana na mpishi kwa sababu nyama haitoshi meza za upande wa bwana harusi. Mashavu aliacha kamera mara mbili akatoka kunifuata mpaka kule nyuma, jasho linamtoka, akaniambia, "Nassra, njoo umuone mwanao." Na mara zote mbili, mikono imejaa mafuta, nilimjibu bila ya kugeuka, "Ntamuona kwenye mkanda."

Nadir hakuinua kichwa. Alikuwa anasubiri nimuhadithie, na kompyuta ilikuwa imefika asilimia nne.